Kamera za dijitali za mwanzo na picha zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Makabati mengi kuanzia Shangani hadi Kilwa Masoko bado yana kamera ndogo ya rangi ya fedha, imelala ndani ya kipochi chake cha zipu tangu simu zilipoanza kupiga picha za kuridhisha. Ndani yake mna harusi, maulidi, siku ya mwali kutoka, mara nyingi pasipo nakala nyingine popote. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vitu hivi. Kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanaanzia mahali pamoja: toa picha kwanza, kamera utaishughulikia baadaye.

Kamera "za mwanzo" ni zipi hasa?

Ya kwanza kabisa ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak nchini Marekani. Picha yake ilikuwa na pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 10,000 tu, nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1995 Casio QV-10 ilikuja na kioo cha nyuma cha kuangalia picha papo hapo, na mwaka 1997 Sony ilitoa Mavica zilizohifadhi picha kwenye diski laini ya megabaiti 1.44, ileile ya kompyuta za ofisini.

Hiyo ni historia. Zinazoulizwa hapa ni za kati ya 2000 na 2008 hivi: megapikseli 2 hadi 7, lenzi inayochomoza ukiwasha, betri mbili au nne za AA, na kioo cha nyuma kisichozidi kisanduku cha kiberiti.

Nimeikuta ya marehemu baba. Niiwashe?

Pole, na usiiwashe bado. Fuata utaratibu huu:

1. Fungua mlango wa betri. Zikiwemo betri za zamani, zitoe. Zikigoma, usizichokonoe kwa bisibisi ya chuma. Tumia kijiti cha mbao.
2. Toa kadi ya kumbukumbu na uiweke kwenye bahasha ya karatasi. Kuanzia hapo kadi haina haja ya kurudi kwenye kamera. Picha zitasomwa kwa kisoma kadi.
3. Angalia springi na vibati vya betri. Unga mweupe au kutu ya kijani ni majimaji ya betri yaliyovuja.
4. Kama betri zilikuwa za alkali, chovya pamba ya sikio kwenye siki, ikamue, sugua kibati mpaka povu dogo liishe, kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti. Acha ikauke saa 24.
5. Kwa betri za kaboni, zile za bei rahisi za redio na tochi, siki haina kazi. Tumia pamba yenye maji kidogo, kisha spiriti.

Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, majimaji hayo yanaunguza ngozi. Na usifungue mwili wa kamera kwa hali yoyote kama si fundi. Ndani kuna kapasita ya flashi inayobeba volti 300 hivi, na inaweza kukaa na chaji muda mrefu baada ya betri kutolewa.

Kamera nyingine zina kumbukumbu ya ndani, megabaiti 8 hadi 32. Ukishasoma kadi, rudisha betri nzima, washa kamera *bila kadi* na uangalie. Mara nyingi mle ndani mna picha ambazo mwenye kamera mwenyewe alizisahau.

Betri mpya zinakwisha baada ya picha tano. Kamera mbovu?

Huenda si mbovu. Kamera hizi zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa lenzi inapochomoza na flashi inapojichaji. Betri ya kaboni haiwezi kutoa mkupuo huo: volti zinaanguka, kamera inadhani betri imekwisha, inazima. Weka hizohizo kwenye rimoti ya televisheni na zitafanya kazi miezi.

Tumia za alkali, au bora zaidi za kuchaji za NiMH zenye 2000 mAh au zaidi. NiMH ina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini haishuki haraka inapobanwa. Usichanganye mpya na nzee wala aina mbili tofauti, kwani iliyo dhaifu ndiyo itakayovuja.

Kadi yangu haiingii kwenye kompyuta. Ni ya aina gani?

Nyembamba kama kadi ya plastiki, yenye bamba kubwa la dhahabu lililo wazi upande mmoja, ni SmartMedia; mwisho wake megabaiti 128. Ndogo kuliko stempu na nene kidogo ni xD, iliyotolewa na Olympus na Fujifilm mwaka 2002. Ya mraba, nene, yenye matundu 50 ukingoni ni CompactFlash. Ndefu kama kipande cha bazoka ni Memory Stick ya Sony. Yenye kona moja iliyokatwa na kitufe kidogo cha kufunga ubavuni ni SD, na hiyo wengi wanaijua.

Kisoma kadi cha USB cha aina nyingi kinasoma zote hizo isipokuwa, mara kwa mara, SmartMedia na xD. Soma maandishi ya boksi kabla ya kulipa. Kwa CompactFlash, chomeka kwa kunyoosha kabisa: vipini vya ndani ya kisoma kadi vikipinda, ndiyo basi.

Kosa la upande wa pili ni kununua kadi mpya kubwa kwa kamera ya zamani. Kamera ya SD iliyotengenezwa kabla ya 2006 haijui SDHC, yaani SD za baadaye zenye nafasi kubwa, kwa hiyo kadi ya GB 4 au zaidi itaonekana mbovu hata kama ni nzima. Tafuta ya GB 2 au chini.

Kompyuta inaniambia kadi lazima ifomatiwe kwanza.

Kataa. Picha hazijafutika, kilichoharibika kwa kawaida ni orodha tu inayoeleza kila picha imeanzia wapi. Vivyo hivyo kwa kadi iliyofutwa kwa bahati mbaya. Ukipiga picha hata moja mpya juu yake, unaiandika juu ya zile za zamani.

Kama ni SD, sukuma kitufe cha ubavuni kifunge kuandika. Tengeneza nakala kamili ya kadi kwa programu ya bure ya Win32 Disk Imager. Bonyeza *Read*, na uangalie mara mbili, maana *Write* iliyo jirani yake inafanya kinyume na itamaliza kila kitu. Kisha fungua nakala hiyo kwa PhotoRec, programu ya kuokoa picha, nayo ni ya bure, chagua aina ya faili JPG na uelekeze matokeo kwenye diski ya kompyuta. Kamwe usiyaelekeze kwenye kadi yenyewe.

Picha zitarudi na majina mapya ya herufi f na tarakimu. Majina ya zamani yamekwenda, lakini tarehe iliyo ndani ya picha huwa imebaki. Picha inayofunguka nusu juu na nusu chini kijivu ni ile ambayo vipande vyake vilitawanyika kwenye kadi, na mara nyingi haitengenezeki zaidi ya hapo.

Mbona tarehe za picha ni za uongo?

Hili linaulizwa kuliko yote, na majibu yake ni matatu.

La kwanza: betri ya saa. Ndani ya kamera kuna betri ndogo kama kitufe, au kapasita ndogo inayochajiwa na betri kubwa. Kamera ikikaa muda bila betri, saa inarudi kwenye tarehe ya kiwandani, tuseme 1 Januari 2003. Mtu anakubali tu ili aendelee kupiga.

La pili: mpangilio wa tarehe. Kamera moja inaandika mwaka, mwezi, siku. Nyingine mwezi kwanza. Ukiona 05.08.06 iliyochapwa kwa rangi ya chungwa pembeni, usiharakishe kusema ni Agosti.

La tatu halimo kwenye vitabu vya maelekezo, kwa sababu walioviandika hawahesabu saa kama sisi. Kamera inaanza siku usiku wa manane, sisi tunaanza jua likichomoza. Mtu akiiwasha kamera mpya saa 4 asubuhi anaandika 4:00, na kamera inaelewa ni saa 10 alfajiri. Tangu siku hiyo kila picha iko nyuma kwa saa 6. Utaijua mara moja: picha ya 07:00 watu wamesimama na kivuli chao miguuni, kumbe ni saa 7 mchana. Kwa ngoma ya kukesha ni balaa zaidi, kwani picha ya saa 8 usiku inaandikwa 20:00 ya siku iliyotangulia. Na ukichanganya picha za kamera mbili za harusi moja, ya shangazi iliyo kwenye saa zetu na ya mjomba iliyo kwenye saa za Kizungu, bibi harusi anakata keki kabla hajashuka kwenye gari.

Kurekebisha, tumia ExifTool, programu ya bure isiyo na vitufe, unaiandikia amri. Kwa picha zilizo nyuma saa 6, zote zikiwa ndani ya folda inayoitwa harusi:

exiftool "-AllDates+=0:0:0 6:0:0" harusi

Tarakimu tatu za kwanza ni miaka, miezi na siku. Tatu za mwisho ni saa, dakika na sekunde. Kwa kamera iliyoanza upya 1 Januari 2003 saa 6 usiku wakati ukweli ni 14 Agosti 2005 saa 4 asubuhi, nyongeza ni 2:7:13 10:0:0. Programu inabakiza picha ya awali yenye neno *original* mwishoni mwa jina. Usiifute mpaka umehakiki. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye picha yenyewe haitabadilika. Hiyo ni rangi kama rangi nyingine.

Jina la faili linanieleza chochote?

Linaeleza mtengenezaji. IMG_ ni Canon, DSCN ni Nikon, DSCF ni Fujifilm, DSC0 ni Sony, CIMG ni Casio. Namba ni nne, zikifika 9999 zinaanza upya, ndiyo maana unaweza kuwa na IMG_0123 mbili za miaka tofauti. Usizimwage kwenye folda moja.

Olympus ndiyo yenye ukarimu. P8140027 ni mwezi wa 8, tarehe 14, picha ya 27. Oktoba, Novemba na Desemba ni herufi A, B na C. Ukikuta rundo lote ni P101, kuna mawili: Olympus ambayo saa yake haikuwekwa, kwa hiyo kila siku ni Januari 1, au Panasonic, ambayo namba hizo kwake ni za folda tu.

Tarehe imepotea kabisa. Nitaujuaje mwaka?

Angalia nyuma ya watu. Bango la Zain, kampuni ya simu iliyokuwa Celtel na baadaye Airtel, likiwa ukutani: picha si ya kabla ya 2008. Airtel: si ya kabla ya 2010. Bango la Celtel halikufungi upande wa pili, kwa sababu rangi ya ukutani ilidumu miaka baada ya jina kubadilika. Gari ambalo herufi za namba yake baada ya tarakimu zinaanza na B lilisajiliwa baada ya yale ya kundi la A. Picha ya safari ya Dar es Salaam ikionyesha magari yamepanga foleni ya kivuko cha Ndundu, ni kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilifunguliwa 2010.

Fulana na khanga za kampeni zinasaidia, lakini kwa upande mmoja tu: fulana ya uchaguzi wa 2005 ililimiwa mpaka ikachanika. Kwa mwezi, tazama miti. Mabibo yametapakaa chini ya mkorosho, uko kwenye msimu wa Oktoba hadi Desemba au karibu yake.

Naweza kusafisha picha hizi kwa ukubwa gani?

Gawanya pikseli za upande mrefu kwa inchi. Ukipata nukta 250 au zaidi kwa inchi, itatoka safi, 200 inakubalika, ikifika 100 kila mtu ataona vichembe.

Megapikseli 2, yaani 1600×1200, kwa inchi 6×4 inatoa nukta 267. Nzuri. Megapikseli 3, yaani 2048×1536, inafika 7×5 bila shida, na 10×8 kwa nukta 205. Megapikseli 5 inabeba A4. Lakini 640×480 kwa 6×4 ni nukta 107, na bahati mbaya picha nyingi za harusi ni za namna hiyo. Sababu ni kadi: kamera ilikuja na kadi ya megabaiti 16 iliyobeba picha 20 hivi za ukubwa kamili. Mtu akashusha ukubwa ili zitoshe sherehe nzima, na hakuna aliyeurudisha. Hizo zisafishe ndogo, 3×2 hivi, uzipange kwenye albamu. Studio ikikuahidi kuikuza iwe ya ukutani "kwa kompyuta", jua kwamba programu itabuni sura ambayo kamera haikuiona, na macho ya bibi yatakuwa ya mtu mwingine.

Jambo jingine: kamera hizi zinapiga kwa umbo la 4:3, karatasi ya 6×4 ni 3:2. Mashine ikijaza karatasi inakata asilimia 11 ya kimo, na kinachokatwa huwa ni kilemba au miguu. Mwambie fundi aache ukingo mweupe.

Sura zimekuwa nyeusi na kanzu zinang'aa tupu. Inatengenezeka?

Nusu. Kamera ilipima mwanga wa eneo zima na kutaka wastani. Kanzu nyeupe na bahari nyuma vikaiambia kuna mwanga mwingi, ikapunguza, na sura zikazama gizani. Sura unaweza kuziinua kwa kuongeza mwanga wa sehemu za giza tu, ingawa vichembe vitatokea. Kanzu iliyogeuka nyeupe kabisa haina nyuzi za kurudisha, maana faili ya JPEG haikuziandika.

Kasoro nyingine, kwa ufupi. Macho mekundu ni flashi iliyo karibu mno na lenzi, ikirudi kutoka nyuma ya jicho. Programu yoyote ya picha inaiondoa. Ukingo wa zambarau kwenye makuti ya minazi dhidi ya anga ni udhaifu wa lenzi na kihisi (sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera) pale giza linapokutana na mwanga mkali. Mstari mweupe wima unaopita kwenye taa au jua ni kihisi cha CCD kilichofurika. Madoa meupe ya duara kwenye picha za ngoma usiku wapo wanaosema ni majini. Ni vumbi la uwanjani lililo sentimita chache mbele ya lenzi, likapigwa na flashi.

Kama kamera sasa inatoa picha nyeusi au za zambarau zilizojikunja, na ni ya miaka ya 2002 hadi 2004, kihisi chake kinaweza kuwa miongoni mwa vile vilivyoharibika ndani kwa joto na unyevu. Mwaka 2005 watengenezaji kadhaa walitangaza kuvitengeneza bure. Muda huo umeshapita. Picha za zamani kwenye kadi hazidhuriki.

Lenzi ina ukungu, au imekwama nje.

Mulika tochi ya simu kwa pembeni. Nyuzi kama za buibui ndani ya kioo ni kuvu. Ikiwa kioo cha nje tu, futa kwa kitambaa laini na tone la spiriti. Ikiwa ndani, gharama ya kufungua inazidi thamani ya kamera, na kuvu ikikaa sana inakula kioo chenyewe.

Lenzi iliyokwama, badili betri kwanza; zilizochoka haziwezi kuirudisha. Ikigoma, puliza mchanga kwa pampu ndogo ya mpira, usipulize kwa mdomo maana mate yana unyevu. Mchanga wa Msimbati ukishaingia kwenye gia, kulazimisha kunavunja meno.

Kuhifadhi: chombo cha plastiki cha lita 5 chenye mfuniko unaobana, gramu 50 za silika, betri nje. Mchele haufai. Unanyonya kidogo na unaacha unga.

Studio ilitupa CD na sasa haisomeki.

Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Jaribu mashine tatu tofauti, hasa ya DVD ya zamani, zinatofautiana sana. Rangi iliyobeba data kwenye CD ya kuchoma hufifia kwa joto na jua, na iliyokaa dashibodi ya gari usiitegemee. Ikisomeka hata mara moja, nakili yote hapohapo.

Kwenye kadi kuna picha za unyago. Nizirushe kwenye kundi la familia?

Picha za siku ya kutoka, mwali amevishwa khanga mpya na watu wanatunza, ni za hadharani. Za ndani si zako kuzitangaza hata kama kamera ni yako. Mpelekee mama au somo wake kwanza, ana kwa ana. Aliyekuwa mtoto kwenye picha sasa ni mtu mzima, naye aulizwe.

Nizihifadhi wapi?

Sehemu mbili angalau, moja isiwe nyumbani: diski ya nje na hifadhi ya mtandaoni, au diski mbili kwa ndugu wawili. Faili iliyotoka kwenye kadi isiguswe. Ukitaka kurekebisha, nakili kwanza. WhatsApp hupunguza picha na kuondoa tarehe iliyo ndani, kwa hiyo mtumie ndugu kama hati, si kama picha. Video fupi za kamera hizi, nyingi za 320×240, simu zikigoma kuzifungua jaribu programu ya VLC.

Vijana wanazitafuta tena. Ninunue?

Kama unapenda rangi zake, nunua, ila nenda na betri zako za NiMH na kadi ya GB 2. Mbele ya muuzaji iwashe, vuta zumu mpaka mwisho na kuirudisha mara tatu, piga ukuta mweupe uone madoa, piga na flashi, kisha zima, toa betri dakika moja, uiwashe tena. Ikikuuliza tarehe, betri ya saa imekufa, omba punguzo.